Msimbo haueleweki saa nane usiku: tafuta kosa kwenye usingizi kabla ya kulitafuta kwenye skrini

Ilikuwa saa nane kasoro usiku, mwezi Machi, na joto la Dar es Salaam halijapungua hata kidogo. Nilikuwa nimekaa kitandani, laptopu mapajani, narekebisha taarifa za mwanachama mmoja kwenye mfumo wa chama cha kuweka na kukopa. Mtu mmoja tu, akaunti yake ilifungwa kimakosa. Nikaandika amri, nikabonyeza, kanzidata ikanijibu:

UPDATE 1140

Niliitazama ile namba, yaani idadi ya mistari iliyobadilishwa, kwa muda bila kuielewa. Nilitegemea kuona 1. Nilikuwa nimesahau kipande cha WHERE, kile kinachoiambia kanzidata ibadilishe mstari wa nani, na sasa wanachama wote 1140, wakiwemo waliojitoa na waliotangulia mbele ya haki, walikuwa wanahesabika kuwa hai. Kilichoniokoa ni nakala rudufu ya saa sita usiku. Kuirudisha kulinichukua mpaka adhana ya alfajiri, na muda wote huo vidole vilikuwa vinatetemeka.

Kesho yake nilijilaumu kwa uzembe, nikajiapiza kuwa makini. Haikupita wiki mbili nikafanya kosa la aina ileile mahali pengine, usiku vilevile. Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mtu yeyote ambaye seva yake inaanguka usiku tu: mchana na usiku vinatofautiana nini? Miezi ile nilikuwa nalala kwa saa tano tu kila usiku, pengine nne na nusu. Kuongeza umakini kusingesaidia, kwa sababu umakini wenyewe ndio uliokuwa umeisha.

Mwongozo huu nimeuandika kwa aliye pale nilipokuwa. Anza na dalili inayokusumbua, soma vyanzo vyake, pima, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati na ukipe wiki mbili. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kilichotibu, kama ilivyo kwa msimbo.

Kabla ya yote, kusanya ushahidi

Kumbukumbu ya mtu aliyechoka haiaminiki, kwa hiyo usianze na "nahisi". Nenda kwenye folda ya mradi wako mkubwa kuliko yote unaoutunza kwa git, programu inayoweka historia ya mabadiliko ya msimbo, andika hivi:

git log --author="jina lako" --date=format:%H --format=%ad | sort | uniq -c

Utaona umehifadhi mabadiliko mangapi katika kila saa ya siku, kuanzia 00 hadi 23. Kumbuka kompyuta inahesabu saa za kizungu, hivyo 02 ni saa nane usiku. Halafu fanya sehemu ngumu kidogo: pitia mabadiliko ya mwezi mmoja uliopita, utafute yale yaliyofutwa au kuandikwa upya ndani ya siku chache, uone yaliandikwa saa ngapi. Mimi nilipofanya hivyo niliona aibu. Kazi niliyoisifia usiku kuwa imekwenda vizuri ndiyo niliyoifumua asubuhi, tena na tena.

Kando ya hayo weka daftari la karatasi karibu na kitanda. Kila asubuhi andika saa uliyolala, saa uliyoamka, kikombe cha mwisho cha kahawa au chai kilikuwa saa ngapi, na kosa moja kubwa la jana. Mistari minne tu. Siku 14 zinatosha kuonyesha mchoro.

Dalili: kosa la dakika tano linakula usiku mzima

Unasoma mstari uleule kwa mara ya kumi. Unabadilisha kitu, programu inagoma, unarudisha, unabadilisha kingine, na baada ya saa moja hukumbuki ulishajaribu nini. Asubuhi unafungua faili, na kabla chai haijapoa umeshaliona: jina la kigezo limekosewa herufi moja.

Chanzo cha kwanza kukishuku ni deni la usingizi. Kazi yetu inamtaka mtu ashike vitu vingi kichwani kwa pamoja: kigezo hiki kina thamani gani sasa, kipande hiki cha msimbo kinaitwa na nani, kitu gani kitavunjika nikigusa hapa. Uwezo huo wa kushika unadhoofika usingizi unapopungua. Vidole vinaendelea kuandika kama kawaida, ndiyo maana unajiona bado uko kazini.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia watu wazima 48 wenye afya. Kundi moja lililala kwa saa 8 kila usiku, lingine 6, lingine 4, kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa 6 au pungufu walizidi kushuka kila siku iliyopita, na mwisho wa wiki ya pili upungufu wao ulilingana na wa mtu aliyekesha usiku mzima au hata mbili. Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki: walipoulizwa wanajisikiaje, baada ya siku chache za mwanzo majibu yao yalitulia. Walidhani wamezoea. Vipimo vilikuwa vinaporomoka huku wenyewe wakisema hali si mbaya.

Ugumu wa tatizo hili ndio huo. Kifaa unachotumia kujipima ndicho kilichoharibika. Ukiniambia "mimi saa tano zinanitosha, nimezoea," nakuamini kwamba unajisikia hivyo, ila bado nataka kuona lile daftari.

Kuna pia jaribio lililofanyika Italia kwa wanafunzi 45 wa kompyuta waliopewa kazi ya kuandika programu ndogo ya Java. Kundi moja lilikesha usiku uliotangulia, lingine lililala. Usiku mmoja tu wa kukesha ulishusha ubora wa kazi kwa asilimia 50, na waliokesha walirekebisha mara nyingi zaidi makosa ya kisarufi ndani ya msimbo, yaani mabano na nukta mkato. Na tangu 1997 watafiti wa Australia walishaonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa 17 zinatimia saa tano usiku. Hapo ndipo wengi wetu tunaposema, "sasa nyumba imetulia, nianze kazi."

Kujipima ni rahisi. Siku usiyo na ratiba, lala bila kuweka kengele. Ukijikuta umelala saa mbili au tatu zaidi ya kawaida yako, hilo ni deni linalolipwa. Kipimo kingine ni daladala: ukikaa kiti cha dirishani, ukafumba macho kituo cha kwanza na kupitiwa kabla ya kituo cha pili, mchana kweupe, usijisifu kwamba wewe hulala popote.

Tiba yake ni saa saba au zaidi kila usiku. Hicho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa usingizi wanapendekeza kwa watu wazima. Usijaribu kuruka kutoka saa tano hadi nane kwa siku moja, utalala chali ukitazama dari. Shikilia saa ya kuamka isibadilike, kisha uvute saa ya kulala nyuma dakika 15 au 20 kila baada ya siku tatu nne.

Wakati deni linalipwa, jilinde. Nilijiwekea sheria ambayo bado naifuata: baada ya saa nne usiku siandiki jambo lisiloweza kurudishwa. Hakuna kupandisha toleo jipya kwenye seva, hakuna kugusa kanzidata iliyo hewani. Dharura ikinilazimisha, naanza na BEGIN, ili mabadiliko yasikae mpaka niyathibitishe, naandika SELECT (amri ya kusoma tu) yenye WHERE ileile kwanza, nahesabu mistari kwa sauti, ndipo nabadilisha kuwa UPDATE, na COMMIT, yaani kuthibitisha, inakuja baada ya kunyanyuka kwenda kunywa maji na kurudi. Mambo haya hayaongezi akili. Yanaipa akili iliyochoka nafasi ya kujishtukia.

Dalili: umechoka hoi, unajilaza, hata lepe la usingizi hupati

Hapa vyanzo ni vingi, na mara nyingi viwili vinashirikiana.

Anza na kafeini, kwa kuwa ndiyo rahisi kupima. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo unavyosikia usingizi. Kafeini inakwenda kukaa kwenye milango ya adenosini na kuiziba. Uchovu haujaondoka, umezuiwa tu kubisha hodi. Kwa mtu wa kawaida huchukua kama saa tano kwa nusu ya kafeini kutoka mwilini, wengine zaidi. Piga hesabu: kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado ipo saa tatu usiku, na robo yake inakusubiri saa nane usiku. Kuna jaribio la 2013 lililoonyesha kwamba kafeini nyingi, miligramu 400, iliyonywewa saa sita kabla ya kulala iliwapunguzia watu zaidi ya saa nzima ya usingizi.

Sisi wa pwani tuna kahawa chungu ya jioni, vijiweni, kwa kashata. Siwezi kumwambia mtu aache baraza. Lakini kikombe kile hesabu, na chai ya rangi ya usiku hesabu, na yale makopo ya kuongeza nguvu yaliyopangwa pembeni ya kompyuta hesabu; kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kama miligramu 80. Kipimo: siku kumi, kafeini mwisho saa sita mchana. Siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma, kisha kinaacha. Daftari lisipoonyesha tofauti, kahawa haina hatia, rudi nayo.

Mirungi naisema kwa sababu najua wapo wanaoitafuna ili wamalize kazi. Tanzania imepigwa marufuku, Kenya ni zao la biashara, lakini mwili haujui mpaka. Inafukuza usingizi kweli, na siku inayofuata unailipa kwa mwili mzito na akili isiyoshika.

Chanzo cha pili ni mwanga. Saa ya mwili inajipanga kwa jua. Waliochimbua utaratibu wa saa hiyo ndani ya chembe hai za mwili, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017. Asubuhi mwanga unaiambia saa ianze kuhesabu. Mpanga programu anayeamka, akafungua kompyuta kabla ya dirisha, akashinda kwenye chumba cha pazia nzito na usiku akajimulika skrini usoni, saa yake haijui ianzie wapi. Tumejaliwa jua linalochomoza karibu saa ileile mwaka mzima. Toka nje dakika 20 asubuhi, nenda dukani kwa miguu, kunywa chai kibarazani. Usiku zima taa kubwa, punguza mwanga wa skrini saa moja kabla ya kulala.

Cha tatu ni joto. Mwili unahitaji kupoa kidogo ili ulale, na Januari hadi Machi huku kwetu chumba hakipoi. Oga kabla ya kulala. Chandarua kinapunguza upepo, lakini usikivue hata siku moja. Sogeza feni ipulize kutoka upande wa miguu, karibu na neti, uone. Mahali umeme unakatika ovyo, feni ya kuchaji ni zana ya kazi kama ilivyo betri ya akiba ya laptopu.

Cha nne kiko kichwani: kazi haijafungwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwataka watu watumie dakika tano kabla ya kulala kuandika. Walioandika mambo ya kufanya siku zijazo walilala mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, wastani wa kama dakika tisa. Kwetu hili linakubali vizuri sana. Kabla ya kufunga kompyuta, andika juu kabisa ya faili: "Nimefika hapa. Nashuku kosa liko kwenye ukurasa wa malipo. Kesho nianze kwa kuangalia tarehe inahifadhiwa kwa ukanda gani wa saa." Ukiandika hivyo kichwa kinakubali kuachia.

Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi kuja, amka. Kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, soma kitu kisicho na skrini, urudi macho yakianza kulegea. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhangaika, kitakuamsha kila ukipanda. Kwa sababu hiyohiyo laptopu isiingie kitandani. Mimi na zile akaunti 1140 tunalijua hilo.

Na tafadhali, usimeze piritoni ili ulale. Ni dawa ya mafua na mzio. Inalewesha, inakaa mwilini muda mrefu, asubuhi unaamka na kichwa cha pamba. Pombe nayo inakulaza haraka kisha inakukatakata usingizi nusu ya pili ya usiku. Kama tatizo limekuwa siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, hilo limeshakuwa ugonjwa wenye tiba yake. Muone daktari.

Dalili: umeamka, macho unaona, mwili hausogei

Kifua kizito, sauti haitoki, na pengine unahisi kuna mtu chumbani. Nyumbani tunaita kukabwa na jinamizi, na wapo wanaohama vyumba kwa ajili yake. Ndugu yangu mmoja mdogo, naye anaandika programu, alinipigia simu alfajiri akiwa na hofu ya kweli. "Kaka, nimekabwa mara tatu wiki hii." Nikamuuliza amelala saa ngapi wiki hiyo. Alikuwa na mradi wa chuo wa kukabidhi Ijumaa, analala saa kumi alfajiri, mara nyingine saa sita mchana.

Tunapoota, ubongo unaulegeza mwili usije ukatenda yale tunayoyaota. Mara chache akili inaamka kabla ya ule ulegevu kuondoka, na kwa sekunde chache au dakika unakuwa macho ndani ya mwili uliolala, huku mabaki ya ndoto yakitembea chumbani. Huwapata zaidi waliopungukiwa usingizi na wanaolala saa zinazohamahama, na huja zaidi kwa anayelala chali. Kwa wengi hauna madhara. Mwenye kuomba dua na aombe, hata mimi naomba; pamoja na dua, lala saa ileile kila siku na ulale ubavu. Mdogo wangu alipokabidhi mradi na kurudi kulala usiku, hali ile haikurudi.

Dalili: unalala kwa saa nane kamili, unaamka kama uliyepigwa

Hapa sitaki ujitibu. Daftari likionyesha saa za kutosha na uchovu uko palepale, chanzo kinaweza kuwa ugonjwa, na ushauri wowote wa kahawa na mwanga utakupotezea muda.

Muulize unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma kwa nguvu, kisha unanyamaza ghafla, kisha unashtuka kama unayezama. Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini: njia ya hewa inajifunga, ubongo unakuamsha mara nyingi kwa usiku bila wewe kujua. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala saa tisa asipate usingizi wa pono hata kidogo. Unene na shingo nene huongeza hatari, lakini wembamba nao wanaupata, na ukiachwa unaandamana na shinikizo la damu. Matibabu yapo, ikiwemo mashine ya kusukuma hewa iliyobuniwa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Uchovu wenye homa na kichwa kuuma, pima malaria siku hiyohiyo; usinunue dawa kwa kukisia. Mwanamke anayepata hedhi nzito na anahema akipanda ngazi, apime wingi wa damu. Kiu isiyoisha na kuamka kukojoa mara kadhaa usiku, pima sukari. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito: ni vipimo vya kifua kikuu, na havina aibu. Na kama kwa wiki mbili hakuna kinachokufurahisha, hata mradi uliokuwa unaupenda, hutaki watu, unaona heri usiwepo, hiyo ni sonona. Mwambie mtu leo, siyo baada ya toleo kutoka.

Dalili: saa ya kulala inahama kila wiki

Kwa mpanga programu wa huku, mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili.

Kwanza ni bando la usiku. Gigabaiti za bei nafuu zinaanza saa sita usiku na kuisha alfajiri, kwa hiyo mwanafunzi anakesha ili apakue maktaba na kutazama mafunzo. Nawaelewa, nimeyapitia. Lakini kinachohitaji bando ni kupakua, na kompyuta inaweza kupakua peke yake. Andika hati fupi ya amri, ipange kwenye cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa uliyoiwekea, ianze saa sita na dakika tano, weka laptopu kwenye chaji, lala. Asubuhi unakuta nyaraka na video zipo tayari, unasoma bila intaneti. Kitu kama hiki tungemwandikia mteja kwa nusu saa, basi tujiandikie na sisi.

Pili ni mteja wa ng'ambo. Kikao cha saa nne asubuhi San Francisco ni saa mbili usiku kwetu, halafu Novemba Marekani wanarudisha saa nyuma na kikao kinahamia saa tatu usiku, wewe hujahama popote. Wanabadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Andika kwenye kalenda mapema. Kikao kimoja cha saa tatu usiku kinavumilika. Kinachoua ni mazungumzo yanayofuata mpaka saa nane, halafu Jumamosi unajaribu kuishi mchana na familia. Ukiwa na mkataba wa usiku, chagua saa nne zisizohama ambazo kila siku ya wiki utakuwa umelala, kwa mfano saa tisa alfajiri hadi saa moja asubuhi, uongeze zilizobaki kabla au baada. Mwili ukipata angalau kigingi kimoja, hautangitangi.

Mwezi wa Ramadhani ratiba inavunjika kwa sababu njema. Usilazimishe saa nane za mfululizo. Lala mapema baada ya tarawehe, amka daku, na baada ya adhuhuri jilaze. Kazi nzito ya kufikiri iweke asubuhi, kabla njaa na kiu havijakolea.

Dalili: saa nane mchana akili inazima

Sehemu yake ni maumbile, mwili una bonde lake la mchana hata usipokula. Sahani ya wali iliyojaa mpaka ukingoni inalichimba zaidi. Punguza wali, tembea dakika kumi, ukiweza lala dakika 20 na kengele. Ukipitisha nusu saa unazama kwenye usingizi mzito na kuamka hujui uko wapi. Ukilala baada ya saa kumi jioni unauibia usiku.

Macho, shingo, vidole

Kwa haraka. Macho yanawasha kwa sababu mbele ya skrini tunapepesa mara chache. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita sita, mwembe wa jirani unafaa. Shingo inauma kwa sababu laptopu iko chini. Iinue juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, nunua kibodi ya pembeni. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole kidogo hutokana mara nyingi na kuegemea kiwiko mezani. Ganzi ikidumu wiki kadhaa usiipuuze, misuli ya kiganja inaweza kusinyaa.

Ukikuta chanzo hakiko kwako

Wakati mwingine umelipa deni, kahawa umeacha, chumba kimepoa, na daftari bado ni baya. Soma safu ya saa za kulala: utaona usiku ulioharibika ni ule wa simu za kazi. Watu watatu mmebeba mfumo ulio hewani saa 24, na kila tahadhari inalia kwenye simu yako. Huko usingizi wako hauwezi kutibiwa na wewe peke yako. Zamu ya dharura lazima iandikwe, mtu mmoja kwa wiki, na aliyeamshwa usiku aanze kazi mchana siku inayofuata. Tahadhari isiyohitaji mtu kuamka isilie usiku, iandikwe isubiri asubuhi. Kiongozi wa timu anayesifia waliokesha anapaswa kuonyeshwa orodha ya makosa na saa yalipoandikwa, kwa heshima, bila kumshutumu.

Kwa mteja, mimi huwa natuma ujumbe huu ikifika saa nne usiku na kazi haijaisha. Mara ya kwanza niliogopa kuubonyeza. Ulivyojibiwa "Sawa, asante kwa taarifa," niliuhifadhi, na ninautumia mpaka leo:

"Habari za jioni. Kazi imefika kwenye uhakiki wa malipo. Nimeona kosa moja ambalo sitaki kuligusa usiku huu kwa sababu linagusa salio za watu. Nitaendelea nalo saa mbili asubuhi na nitakupa taarifa kabla ya saa nne. Nakala rudufu imeshachukuliwa."